Itatosha

Dukani kwa Hasnain, mtaa wa Gerezani,
chaja mbili zimelala juu ya kioo cha kaunta.
Ya kwanza ina feni, inavuma kama nzi chupani,
elfu themanini na tano, ukibembeleza themanini.
Ya pili haina feni wala tundu,
imezibwa kwa gundi nyeusi hadi puani,
nzito kama tofali, ina jozi mbili za waya:
betri ya kuwashia mashine, betri ya pampu na taa,
kila moja na sahani yake, zisigombane.
"Laki mbili na sitini, na sipunguzi," anasema Hasnain.
"Wanaorudisha ni wa ile yenye feni."

Bi Sikujua anainyanyua ile nyepesi.
"Hii itatosha, fundi. Au?"

Neno hilo ni langu.
Aprili ya mwaka jana nilimwazima chaja ya gereji,
yenye meno ya mamba,
isiyojua betri imeshiba.
Nikasema itatosha, nikapanda bajaji kwenda harusini.
Siku tatu ilichemsha maji ya betri,
mbavu zikatuna kama andazi.
Usiku wa nne mvua ilinyesha bila kupumua;
pampu ikazunguka dakika kumi, ikakohoa, ikanyamaza.
Asubuhi Sitaki Deni ilikuwa imekaa chini, kando ya gati,
maji yamefika kwenye usukani,
majaketi ya abiria yanaelea kama maboga.
Hakuna aliyekufa. Husema hivyo kila mara,
kana kwamba nimeulizwa.
Makame alikosa shule muhula mzima.
Mama yake alisema ni mvua.

Yeye ndiye Sikujua, kwa jina.
Mimi nilijua.

"Tupe hiyo nzito," nikasema,
nikamgeukia mama: "Ameshusha. Bei ni ileile."
Hasnain akanitazama, akatazama dari,
akaandika risiti mbili.

Jumamosi, Kunduchi, chini ya kiti cha nahodha.
Siifungi juu ya betri: betri ikishiba hucheua,
na mcheuo wake ni gesi inayotafuta cheche.
Naifunga wima ubaoni, pembeni, mapezi yake yapate hewa,
juu ya ule mstari ambao maji yaliuacha kwenye faiba,
kahawia, kama kikombe kisichooshwa.
Waya wa shaba iliyopakwa bati,
maana shaba tupu chumvi huitafuna ndani, ikaacha ganda.
Fyuzi shibiri moja kutoka chanya, isizidi.
Nabana kikonyo kwa koleo, nakivuta kwa mwili wote;
kikichomoka leo ni heri.
Waya nauachia tumbo kabla haujapanda,
tone lidondokee hapo, lisiingie kinywani.
Chanya. Kisha hasi. Umeme wa gatini mwisho kabisa.

Makame ananishikia tochi, anauliza:
kwa nini nyekundu kwanza, kwa nini waya usiwe mrefu,
chaja inajuaje kwamba imetosha?
Najibu yote. Leo sina harusi.

Nachomeka.
Kimya.
Nafungua, nakagua fyuzi, jasho linanidondoka puani,
mpaka mlinzi anapaza sauti kutoka kibandani:
"Luku imeisha tangu saa saba!"
Bi Sikujua ananunua kwa simu,
anamsomea tarakimu ishirini,
anakosea ya kumi na nne, anaanza upya.

Taa mbili nyekundu.

Saa kumi na mbili ya kwanza inageuka kijani.
Bi Sikujua anakuja na kahawa, anakaa juu ya ndoo.
"Hasnain kanipigia. Eti risiti yangu ya pili niliisahau."

Naipangusa bisibisi iliyokwisha kuwa safi.

"Na mvua," anasema, "haitunishi betri, fundi."

Ananisogezea kikombe.
Tunaingoja ya pili.